Humidori ya jokofu

Humidori ya jokofu ni kabati la kuhifadhia biri linalotengenezwa kutokana na jokofu (friji) la zamani ambalo halipoozi tena, au ambalo mwenyewe ameamua kutoliwasha. Biri ni sigara nene inayoviringishwa kwa majani ya tumbaku tangu ndani hadi nje, bila karatasi. Neno humidori limeingia kutoka Kiingereza na shina lake ni neno la Kilatini linalohusu unyevu. Kwa kawaida ni sanduku la mbao linalotunza unyevu wa tumbaku usipungue wala kuzidi.

Matumizi haya ya jokofu yanajulikana hasa Marekani, kwa watu wanaonunua biri nyingi kwa mkupuo na kuziweka miezi au miaka. Humidori za mbao zilizotengenezwa na mafundi zina bei kubwa. Moja iliyokuwa mali ya Rais John F. Kennedy, aliyopewa na mchekeshaji Milton Berle mwaka 1961, iliuzwa mnadani New York mwaka 1996 kwa dola 574,500. Hiyo ilikuwa bei ya kumbukumbu zaidi kuliko ya sanduku, lakini hata sanduku la kawaida la kutosha biri mia kadhaa si la kila mfuko. Jokofu bovu hupatikana bure au kwa bei ya chuma chakavu, na tayari lina vitu viwili ambavyo fundi seremala huvipata kwa taabu: kuta zinazozuia joto na mlango unaoziba barabara.

Kwa nini biri huhitaji unyevu

Majani ya biri hukaushwa kwa hewa kivulini, kisha hulundikwa pamoja yakachachuka. Hapo yanatofautiana na tumbaku ya mvuke inayolimwa Tabora na Urambo kwa ajili ya sigara za kawaida, ambayo hukaushwa kwa joto la bani. Lakini mkulima wa Tabora anaifahamu kanuni ile ile: jani kavu mno huvunjikavunjika mkononi, na jani bichi mno huota ukungu likiwa ndani ya mtumba.

Biri hutunzwa vizuri penye unyevuanga wa asilimia 65 hadi 72 na joto la sentigredi 18 hadi 21. Zikikauka, jani la nje hupasuka na mafuta yenye harufu hupotea, na kurudishiwa unyevu baadaye hakurudishi mafuta hayo. Zikilowana huvimba, hushika moto kwa shida na huota kuvu.

Jokofu huzimwa

Wengi hudhani kwamba jokofu linafaa kwa sababu ya baridi yake. Sivyo. Jokofu linalofanya kazi ni mahali pabaya pa kuweka biri kwa muda mrefu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye sentigredi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke wa maji. Kwenye sentigredi 30 huweza kubeba gramu 30, na kwenye sentigredi 5 gramu 7 tu. Unyevuanga wa asilimia 70 maana yake ni kwamba hewa imebeba sehemu 70 kwa 100 za kile inachoweza kubeba katika joto lile. Ndani ya jokofu mvuke huganda kwenye bamba la kupoozea, kisha huyeyuka na kutoka kwa tundu la nyuma. Kila mzunguko wa kompresa huondoa maji zaidi. Ndiyo sababu mchicha usiofunikwa hunyauka ndani ya friji. Tena biri baridi ikitolewa nje hutokwa jasho kama chupa ya soda iliyowekwa mezani.

Kwa hiyo waya hutolewa kwenye umeme na jokofu hubaki kuwa sanduku tu. Kuta zake hazipoozi kitu. Kazi yake ni kuchelewesha mabadiliko, ili joto la mchana na ubaridi wa usiku visifike ndani kwa ghafla. Baada ya siku chache joto la ndani hulingana na wastani wa chumba. Chumba chenye wastani wa sentigredi 20 hutosha. Mahali kama Dar es Salaam au Mombasa jokofu lililozimwa halitoshi, na hapo hutumika kabati dogo la mvinyo lenye thamostati inayoweza kuwekwa kwenye sentigredi 18 hivi. Makabati mengine ya aina hiyo hayana kompresa. Hupooza kwa kupitisha umeme katika maungio ya vitu viwili tofauti, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834.

Maji hukaa wapi

Jokofu la lita 200 likiwa tupu lina hewa ya mita 0.2 za ujazo. Kwa sentigredi 20 na unyevuanga wa asilimia 70, hewa hiyo yote ina gramu 2.4 za maji, pungufu ya nusu ya kijiko cha chai. Mlango ukifunguliwa mara moja, sehemu kubwa ya maji hayo huenda zake. Basi unyevu wa humidori hautunzwi na hewa. Hutunzwa na mbao. Katika hali hiyo hiyo mbao hushika maji yanayokaribia asilimia 13 ya uzito wake mkavu: kilo 10 za mbao kavu hushika kilo 1.3 hivi. Hewa ikikauka mbao hutoa, ikizidi maji mbao hunywa. Plastiki ya jokofu hainywi kitu. Unyevu ukizidi hugeuka matone yanayochuruzika ukutani na kulowesha biri za chini. Jokofu lisilowekwa mbao ndani ni ndoo yenye mlango.

Mbao inayopendwa ni ya Cedrela odorata, mti wa Amerika ya kitropiki unaoitwa mwerezi wa Kihispania. Kwa kweli si mwerezi bali ni wa familia ya Meliaceae, pamoja na mkangazi na mwarobaini. Mti huu ulipandwa pia Tanzania, na katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umeenea hadi kuhesabiwa kuwa mti mvamizi. Mbao zake hutumika bila rangi wala vanishi, kwa rafu, droo na ubao wa kuegemeza ukutani, ukiachwa mwanya wa hewa kupita. Mbao za msonobari hazifai kwa sababu utomvu wake hunukia.

Matayarisho

Kazi ngumu kuliko zote ni kuondoa harufu, maana tumbaku hunyonya harufu ya samaki, kitunguu au plastiki na haiiachii. Kuta huoshwa kwa maji ya vuguvugu yenye soda ya kuokea (bikaboneti ya sodiamu), kisha mlango huachwa wazi siku nyingi, na makaa huwekwa ndani kunyonya mabaki. Jokofu ambalo bado linanuka baada ya wiki kadhaa ni heri litafutiwe kazi nyingine. Mpira wa mlango hujaribiwa kwa kubana kipande cha karatasi: kikivutika bila kukaza, mpira umechoka. Tundu la kutolea maji na njia ya hewa inayotoka kwenye friza huzibwa.

Mbao mpya hukaa ndani siku kadhaa pamoja na bakuli la maji yaliyokenekwa kabla ya biri kuingizwa, la sivyo zitanyonya maji kutoka kwenye biri zenyewe. Maji ya bomba huacha chumvi na kuleta kuvu. Baadaye unyevu huongozwa kwa punje za silika zilizotayarishwa kwa asilimia 65 au 70, au kwa sponji yenye maji na propilini glikoli nusu kwa nusu. Maji ya rejeta ya gari yasitumiwe badala yake, kwani mengi yana ethilini glikoli, ambayo ni sumu. Higromita hupimwa kwanza: hufungiwa katika mfuko pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi kuwa uji mzito, na baada ya saa nyingi inapaswa kusoma asilimia 75.

Mbawakawa wa tumbaku

Mdudu huyu (Lasioderma serricorne) hutaga mayai katika majani, na joto likipita sentigredi 23 hivi mayai huanguliwa. Lava hutoboa biri matundu madogo kama ya pini na kuhamia kisanduku cha jirani. Hapa ndipo jokofu la jikoni lina faida: biri zilizofungwa ndani ya mfuko hukaa siku kadhaa katika friza, kisha siku moja katika sehemu ya kawaida ya jokofu ili zisipasuke, ndipo ziingizwe humidori.

Hatari

Utunzaji mzuri haupunguzi madhara ya biri, ambayo husababisha kansa za kinywa, koo na mapafu.

Hatari nyingine ni ya jokofu lenyewe. Majokofu ya kale yalifungwa kwa komeo la chuma lisilofunguka kwa ndani, na watoto waliojificha humo wakicheza walikufa kwa kukosa hewa. Mwaka 1956 Marekani ilitunga sheria ya kutaka milango ifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani, na sumaku ikachukua nafasi ya komeo. Jokofu la komeo likigeuzwa humidori, komeo hung'olewa na kubadilishwa kwa sumaku. Hata lenye sumaku huziba hewa, hivyo kufuli la kuzuia watoto kuingia hufungwa kwa nje, na jokofu linalosubiri kutengenezwa uani hutolewa mlango kabisa.

Mabomba ya nyuma hayakatwi. Majokofu mengi ya zamani yana gesi ya CFC, ambayo huharibu tabaka la ozoni na ilidhibitiwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Mengi ya sasa yana isobutani, ambayo hulipuka ikipata cheche. Anayetaka kuondoa kompresa ili apate nafasi humwita fundi mwenye chombo cha kunyonyea gesi.