Fimbo ya dola 500 na samaki wa kijana mkulima

Leo tunaacha kwa muda habari za barabara na bei ya unga, tuongee kuhusu fimbo ya kuvulia samaki. Si ule mwanzi tunaokata wenyewe na kufunga uzi kwenye ncha. Ni fimbo inayouzwa Marekani au Japani kwa dola 400, 500, hata zaidi. Na kwa bei hiyo unapewa fimbo peke yake: gurudumu la kukunjia uzi unanunua mbali, uzi mbali, ndoana mbali.

Kwa familia inayolala chini ya hema, hizo ni pesa za chakula cha miezi mingi. Ndiyo maana mtu anayesikia bei hiyo anauliza: ndani ya fimbo kuna nini? Jibu ni historia ya zaidi ya miaka 150, na vita vimepita ndani yake mara nyingi.

Tuanze na samaki mwenyewe. Fimbo hizo zimetengenezwa kwa ajili ya besi, samaki wa maji yasiyo ya chumvi wa Amerika ya Kaskazini. Ana mdomo mpana, anajificha kwenye majani na magogo, na akiona kitu kinapita anakirukia kwa nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliletwa mpaka Kenya, akatiwa katika ziwa Naivasha, ili walowezi wa Kizungu wapate samaki wa kuvua kwa mchezo. Sisi watu wa Kivu tunaelewa habari za samaki wa kuletwa. Sambaza wetu walitolewa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini sambaza aliletwa ili watu wale. Besi alisafirishwa ili watu wacheze. Tofauti hiyo tuiweke akilini, tutairudia.

Fimbo za zamani za Wamarekani zilikuwa za mti, nzito na ndefu. Katikati ya miaka ya 1800, fundi wa bunduki na fidla aliyeitwa Samuel Phillippe, wa mji wa Easton, Pennsylvania, alianza kupasua mwanzi katika vipande vyembamba na kuvigandisha kwa gundi. Baadaye Hiram Leonard wa Maine, naye fundi wa bunduki, aliendeleza kazi hiyo kwa vipande sita, akatengeneza mashine ya kuvikata vilingane. Fimbo ya namna hiyo ilikuwa nyepesi, ilipinda bila kuvunjika, na ilirudi haraka kwenye hali yake.

Mwanzi bora kwa kazi hiyo ulitoka Uchina, jimbo la Guangdong. Wafanyabiashara waliuita mwanzi wa Tonkin. Kwa hiyo hata wakati ule, fimbo ya bei kubwa ilikuwa na mikono mingi ndani yake: mkulima wa Uchina, mabaharia, na fundi wa Marekani aliyekaa siku nyingi akiparua na kugandisha. Mwaka 1881, daktari James Henshall alitoa kitabu kizima kuhusu besi. Alitaka fimbo fupi kuliko za kawaida ya wakati ule, ya mita mbili na nusu hivi, inayomfaa samaki huyo. Hapo ndipo besi alianza kupata fimbo yake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye tarehe 2 Juni 1932, jimbo la Georgia. Ilikuwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi Marekani. Kijana mkulima, George Perry, alikuwa anasaidia mama yake na ndugu zake, kwa kuwa baba alikuwa amefariki. Siku hiyo mvua ilizuia kazi ya shamba. Akaenda na rafiki yake kwenye ziwa dogo liitwalo Montgomery, pembeni ya mto Ocmulgee. Fimbo yake ilikuwa ya bei ndogo, na chambo cha bandia walikuwa nacho kimoja tu, wakipokezana.

Perry alipovuta, alidhani ndoana imenasa gogo. Kumbe ni besi wa ratili 22 na aunsi 4, ndiyo kusema kilo 10 na kidogo. Samaki alipimwa kwenye posta ya mji mdogo wa Helena. Kisha Perry alimpeleka nyumbani, akapikwa, familia ikala. Uzito ule uliandikwa katika shindano la gazeti moja la uvuvi, akapata zawadi ya vifaa vya dola 75. Rekodi yake ilikaa miaka 77 bila kufikiwa na mtu.

Katika miaka hiyo 77 fimbo zilibadilika kabisa, na zaidi ya mara moja vita ndivyo vilivyozibadilisha.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vilijifunza kuchanganya nyuzi za kioo na plastiki ili kutengeneza vipande vya ndege na vifaa vingine. Inasimuliwa kwamba mhandisi Arthur Howald alivunja fimbo yake ya mwanzi, na kwa kuwa mwanzi haukupatikana, akatengeneza ncha mpya kwa nyuzi za kioo. Kampuni ya Shakespeare ilichukua wazo hilo, na baada ya vita fimbo za fibaglasi zikaingia sokoni. Mwishoni mwa mwaka 1950, wakati wa vita vya Korea, Marekani ilifunga biashara na Uchina. Mwanzi wa Tonkin ukakatika. Warsha nyingi za mwanzi zilififia. Fibaglasi haikuoza, haikuhitaji fundi wa kuparua, na bei yake mtu wa mshahara mdogo aliiweza. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa kawaida alishika fimbo nzuri ya kiwandani.

Mwaka 1967, muuza bima wa Alabama, Ray Scott, alikusanya wavuvi 106 kwenye ziwa Beaver, Arkansas, kwa shindano la besi. Kila mmoja alilipa dola 100 kuingia. Mwaka uliofuata alianzisha shirika la wavuvi wa besi, B.A.S.S., na mwaka 1971 shindano kubwa lao la kwanza lilifanyika ziwa Mead kwa zawadi ya dola 10,000. Kuanzia 1972 Scott alihimiza samaki warudishwe majini wakiwa hai. Kuvua besi kukawa kazi ya mshahara, na mtu anayetafuta mshahara kwa fimbo yuko tayari kulipia fimbo.

Nyenzo iliyowafaa ilitoka tena kwenye mambo ya ndege. Katika miaka ya 1960, watafiti wa serikali ya Uingereza huko Farnborough, kituo cha utafiti wa ndege, walipata njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu sana. Wajapani nao walikuwa wanafanya kazi hiyo kwa upande wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Fenwick ya Marekani iliuza fimbo za kaboni, ambazo wengi wanaziita za grafiti. Zilikuwa nyepesi kuliko fibaglasi, na ngumu zaidi. Ugumu huo ndio unaouzwa mpaka leo. Fimbo ngumu na nyepesi inapeleka mtikisiko kutoka ncha mpaka kiganjani. Mvuvi anasikia chambo kikigusa jiwe, kikigusa matope, au kikinyonywa na samaki anayetaka kukitema mara moja.

Basi mtu akisimama dukani mbele ya fimbo ya dola 500, analipia nini? Analipia kaboni ngumu zaidi, gundi kidogo zaidi, pete laini za kupitisha uzi, mpini mwepesi, na mara nyingi ahadi ya kubadilishiwa ikivunjika. Halipii samaki.

Wanaojua kuchagua hawaanzi na bei. Wanasoma maandishi yaliyo juu ya mpini: urefu, nguvu, uzito wa chambo, uzito wa uzi. Fimbo ya kazi nyingi kwa besi ni ya mita 2 na kidogo, nguvu ya kati kwenda juu, inayopinda karibu na ncha, kwa chambo cha gramu 10 mpaka 28. Hiyo inafaa kwa ndoana moja nene inayopaswa kupenya mdomo mgumu. Lakini kwa chambo cha mbao au plastiki chenye ndoana ndogo za meno matatu, fimbo ngumu inaharibu kazi: inamng'oa samaki mdomoni. Hapo mabingwa wengi wanarudi kwenye fibaglasi, ile ya mababu zao, kwa sababu inapinda taratibu na kumpa samaki nafasi. Ya bei kubwa si lazima iwe ya kufaa.

Kaboni ngumu ina udhaifu wake pia. Ikigongwa kwenye ukingo wa mtumbwi inaweza kupata ufa usioonekana, na siku samaki mkubwa anapovuta inakatika pale pale. Tena kaboni inapitisha umeme. Mashariki ya Kongo ni moja ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Mtu akipewa au akinunua fimbo ya kaboni, hata ya bei ndogo, asiisimamishe ziwani mawingu yakikusanyika, wala asiipitishe karibu na nyaya za umeme. Ailaze na kurudi nchi kavu.

Rekodi ya Perry ilifikiwa tarehe 2 Julai 2009, Japani, kwenye ziwa Biwa. Manabu Kurita alivua besi aliyemzidi yule wa 1932 kwa chini ya aunsi moja. Sheria za rekodi zinadai tofauti ya aunsi mbili, kwa hiyo wawili hao wanashika nafasi moja. Upande mmoja, vifaa vya kisasa kabisa. Upande wa pili, kijana wa shamba, mvua, na chambo kimoja cha watu wawili. Miaka 77 ya viwanda, vita na kaboni, na mizani imebaki karibu sawa.

Kwa nini tunawaambia haya ninyi mliohama? Kwa sababu wengi wenu mliacha nyavu, taa na mitumbwi mlipokimbia, na wengine wanaanza tena kwa uzi na ndoana ufukweni. Msifikiri kwamba kwa kukosa kifaa cha dukani mmekosa ujuzi. Fimbo ya bei kubwa inamsaidia mtu kusikia samaki. Kujua samaki yuko wapi, saa ngapi anakula, na mvua inamsogeza upande gani, hakuuzwi. Mvuvi aliyehama anahama na elimu hiyo.

Na mtu anayetaka kuwasaidia wavuvi waliopoteza mali, mfadhili au ndugu aliye Ulaya, naye ana la kujifunza hapa. Aulize kwanza wanavua samaki gani, kwa uzi gani, kwa shimo la wavu la kiasi gani linaloruhusiwa, wadogo wasimalizwe. Anayevua ili arudishe samaki majini anaweza kuchagua fimbo kwa kuipenda. Anayevua ili watoto wale achaguliwe kifaa kinachotengenezeka hapa hapa kikivunjika, kwa uzi na mikono iliyopo.

George Perry alishinda kwa kifaa cha bei ndogo, lakini kilikuwa chake, na ziwa lilikuwa karibu na nyumbani kwake. Hayo mawili ndiyo wavuvi wetu wengi wanayatafuta leo: kifaa kilicho chao, na njia salama ya kurudi majini.