Kuboresha saspensheni ya hachibeki (Mtambile, Pemba)

Kuboresha saspensheni ya hachibeki ni kazi ya kurekebisha au kubadilisha springi, shokapu, bushi, stabilaiza, matairi na pembe za magurudumu ya gari dogo la milango mitatu au mitano, ili lishike barabara vizuri zaidi, hasa kwenye kona. Makala hii inaieleza kazi hiyo kwa mazingira ya Mtambile, mji mdogo wa Wilaya ya Mkoani katika Mkoa wa Kusini Pemba. Hapo magari madogo yaliyotoka Japani hupanda na kushuka vilima kila siku kati ya bandari ya Mkoani na mji wa Chake Chake. Kwa barabara za namna hii, gari linaloshika kona ni lile ambalo matairi yake manne hayaachi ardhi. Ndiyo maana kazi huanzia kwenye bushi na shokapu zilizochoka, na nafasi kati ya gari na barabara hulindwa.

Barabara na magari

Mtambile iko kwenye njia kuu ya Mkoani hadi Chake Chake, pale inapokata barabara ya kwenda Kengeja na Mwambe. Pemba ni kisiwa cha vilima vidogo na mabonde, na barabara hufuata maumbile hayo. Kona nyingi huja pamoja na mteremko, hivyo dereva huingia konani huku uzito wa gari umeshalalia mbele. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, mvua husomba udongo na majani hadi juu ya lami. Msimu wa karafuu ukifika, majamvi ya kuanikia hutandikwa kando ya barabara na njia huwa nyembamba. Kigari kilichobeba mtu mmoja asubuhi huweza kurudi jioni na watu watano na magunia nyuma.

Hachibeki zinazoonekana zaidi Tanzania ni Toyota Vitz, IST, Passo na Starlet, pamoja na Honda Fit, Mazda Demio na Nissan March. Japani na Tanzania zote huendesha kushoto, kwa hiyo magari yaliyotumika huko huingia barabarani hapa bila kuhamishwa usukani. Vitz ilitoka mwaka 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Katika masoko mengi ya nje iliitwa Yaris, na tangu 2020 hata Japani imekuwa ikiuzwa kwa jina hilo.

Muundo

Karibu magari yote hayo yana mpangilio mmoja. Mbele, kila gurudumu lina mnara wa MacPherson, yaani shokapu iliyozungukwa na springi, juu imefungwa kwenye bodi na chini imeshikwa na mkono mmoja kwa boljointi. Mpangilio huo umepewa jina la Earle S. MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyeubuni katika miaka ya 1940. Nyuma kuna boriti moja ya chuma inayounganisha magurudumu mawili na kujisokota kidogo gurudumu moja linapopanda kuliko jingine. Volkswagen Golf ya 1974 ni miongoni mwa magari yaliyoeneza boriti ya aina hiyo.

Muundo huu ni mwepesi, hauna gharama kubwa na huacha nafasi ya mizigo. Udhaifu wake ni kwamba bodi inapolala upande kwenye kona, tairi la mbele la nje hulala nayo na kuanza kukanyaga kwa ukingo badala ya uso mzima. Injini na giaboksi ziko mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta na kukata kona. Kwa sababu hiyo gari likizidiwa, pua hutoka nje ya kona ingawa usukani umekatwa.

Nguvu zinazotokea kwenye kona

Chukua gari la kilo 1,000 kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 30. Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, matairi yanatakiwa kutoa nguvu ya pembeni ya takribani nyutoni 4,100. Kwa kilomita 50 kwa saa nguvu hiyo hufika takribani nyutoni 6,400. Kasi imeongezeka kwa robo, lakini nguvu imeongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa hupanda kwa mraba wa kasi.

Uzito nao huhama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Ikiwa kitovu cha uzito kiko nusu mita juu ya ardhi na upana kati ya matairi ni mita 1.45, basi kwa kilomita 40 kwa saa uzito wa takribani kilo 145 huhamia upande wa nje. Springi ngumu hazipunguzi uhamaji huo. Hupunguza mlalo wa bodi na kuamua uzito ugawanyike vipi kati ya mbele na nyuma. Kinachoupunguza ni kushuka kwa kitovu cha uzito, upana zaidi kati ya magurudumu, mzigo mwepesi, au mguu wa dereva.

Hatua ya kwanza: kurudisha kilichopotea

Gari la miaka 15 lililokwisha kusafiri melini na kuishi kwenye hewa ya chumvi lina mpira uliopasuka na shokapu zilizochoka. Kabla ya kununua kifaa chochote, fundi hulikagua. Hukandamiza bodi juu ya gurudumu kwa mikono miwili na kuachia. Bodi ikipanda mara moja na kutulia, shokapu ingali hai. Ikidunda mara mbili au tatu, imekwisha. Kisha hutazama mwili wa shokapu: mafuta yaliyoshika vumbi jeusi ni dalili kwamba sili imevuja.

Kwa bushi, hutia nondo kati ya mkono wa chini na sabufremu na kuupekecha. Bushi nzima hukataa. Iliyochanika huuachia mkono uende mbele na nyuma, na dereva huisikia kama gongo dogo anapokanyaga breki. Boljointi, tairodi na linki za stabilaiza hukaguliwa papo hapo. Bushi za boriti ya nyuma husahaulika mara nyingi, nazo ndizo humfanya dereva ahisi mkia wa gari unachelewa kumfuata.

Shokapu hubadilishwa mbilimbili, kushoto na kulia. Bushi za mpira zina sharti moja ambalo likipuuzwa spea mpya hufa upesi: boliti zake hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, mpira hubaki umesokotwa kila siku na kupasuka mapema. Wenye magari wengi hugundua baada ya hatua hii peke yake kwamba gari walilolidhani bovu lilikuwa limechoka tu.

Matairi

Tairi ndilo linalogusa ardhi, na eneo linalogusa halizidi sana kiganja cha mkono. Namba 165/70R14, saizi ya kawaida ya Vitz ya kizazi cha pili, maana yake ni upana wa milimita 165, ukuta wenye kimo cha asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 14. Anayehamia 185/55R15 hupata kipenyo kinachokaribiana, milimita 584 badala ya 587, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Lakini ukuta hupungua kutoka takribani milimita 116 hadi 102. Usukani hujibu haraka zaidi, na rimu huwa karibu zaidi na shimo. Kwa anayepita barabara za vumbi za vijijini kila siku, tairi jipya la saizi ya asili ni uboreshaji bora kuliko rimu kubwa.

Umri wa tairi husomwa kwenye tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba huweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekauka, nalo huteleza kwenye lami iliyolowa kama kandambili juu ya sakafu ya saruji. Upepo hupimwa asubuhi tairi likiwa limepoa, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango, na huongezwa kama maelekezo yanavyosema gari linapobeba mzigo kamili.

Springi, shokapu na stabilaiza

Springi hubeba uzito, shokapu huizuia isiendelee kudunda kwa kugeuza mwendo kuwa joto ndani ya mafuta yake. Springi ngumu juu ya shokapu ya kawaida hurusha gari, kwa hiyo viwili hivyo huchaguliwa pamoja. Kwa Mtambile, shokapu imara zaidi kidogo juu ya springi za asili, au springi ngumu kidogo zenye kimo kile kile, hutosha kuondoa ulegevu bila kulifanya tairi liruke juu ya vifusi.

Stabilaiza ni fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia na kupinga mlalo wa bodi. Ugumu wake hufuata kipeo cha nne cha kipenyo: fimbo ya milimita 18 ni ngumu kuliko ya milimita 16 kwa takribani asilimia 60. Ikiongezwa nyuma, pua ya hachibeki hukubali kuingia konani. Ikizidi, gurudumu la nyuma la ndani huinuka, na dereva anayeachia mafuta ghafla kwenye mteremko wenye mvua huona mkia ukimpita. Kwa gari linalobeba familia, fimbo huongezwa kwa kiasi au huachwa ilivyo.

Kushusha na kuinua

Kushusha gari hushusha kitovu cha uzito, lakini kwenye mnara wa MacPherson mkono wa chini ukipita usawa na kuelekea juu, bodi hupata nguvu zaidi ya kulala na tairi hupoteza pembe yake nzuri. Saspensheni hugonga mwisho wa safari yake kwenye kila tuta. Kukata koili kwa grainda ni hatari zaidi, kwani springi fupi huweza kutoka kwenye kiti chake gurudumu linaponing'inia.

Kuinua kwa spesa, jambo linalopendwa na wengi kwa ajili ya barabara mbovu, nako kuna bei. Milimita 30 huongeza uhamaji wa uzito kwa takribani asilimia 6 na kuzipa shafti za magurudumu pembe kali. Anayeinua na apunguze mwendo konani, na asipite kiasi hicho.

Kazi gerejini

Gari huwekwa juu ya stendi imara; jeki peke yake haitoshi kumlinda aliye chini. Springi hubanwa kwa vikandamizo viwili vilivyo sawa, wala si kwa waya au kamba, kwa kuwa springi iliyobanwa ikiponyoka huweza kuua. Baada ya kugusa mnara au tairodi, alaimenti hupimwa upya. Pasipo mashine, fundi mvumilivu hutandika uzi kutoka nyuma hadi mbele kila upande, usawa wa kitovu cha gurudumu, na kupima kwa rula umbali wa ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Tofauti ya milimita chache huonekana wazi, na ndiyo inayokula tairi upande mmoja.

Funzo la Safari Rally

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hachibeki zimeyashinda mara nyingi: Lancia Delta Integrale mwaka 1988, 1989 na 1991, na Toyota Yaris mwaka 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, na miaka iliyofuata. Magari hayo huandaliwa kwa ajili ya Safari yakiwa juu, na saspensheni yenye safari ndefu na shokapu zinazostahimili joto, ili tairi lishuke shimoni na kurudi bila kuliachia gari. Vitz ya Mtambile ni ndugu wa mbali wa Yaris hiyo, na mashimo hayatofautiani sana.

Kujaribu matokeo

Kifaa kimoja hubadilishwa kwa wakati mmoja, na gari hujaribiwa njia ile ile, kwa upepo ule ule wa matairi na mzigo ule ule. Njia panda ya Mtambile hadi Kengeja hutosha, kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa watoto wa skuli hutembea ukingoni mwa barabara hiyo hiyo. Dereva husikiliza gongo, huangalia kama usukani unarudi wenyewe, na kama bodi inatulia baada ya tuta moja kabla ya kufika jingine. Kazi imefaulu pale mzee aliyekaa kiti cha nyuma, aliyezoea kushika kishikio cha juu ya mlango kila kona, anapofika mwisho wa safari akiwa ameiweka mikono yake mapajani.