Kinga ya Wasanii wa Kongowea Wakati wa Kukosa Kazi

Wasanii na mafundi wa jukwaani wa Kongowea, mtaa wa Mombasa, kama wenzao wote wa Kenya, hawajawahi kuwa na bima ya kukosa kazi. Waliwategemea wenzao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Mombasa ilikuwa na vyama vya ngoma ya beni, na wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada. Vilivuma kwa mashindano ya mavazi na ngoma, ila penye ugonjwa au msiba wanachama walichanga.

Muziki wa kulipwa ulikua pamoja na hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu. Kongowea iko jirani na Nyali. Bendi ya Them Mushrooms, iliyoanza 1972, ilijipatia jina ikiwapigia watalii hotelini. Kipato kilifuata msimu: masika yakianza, wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufungwa. Baada ya ghasia za Likoni, Mombasa, za Agosti 1997, zilizowafukuza watalii, hata msimu wenyewe uliharibika. Aliyeumia zaidi ni fundi mitambo. Mwimbaji hutuzwa harusini, noti zikimfikia mkononi katikati ya wimbo. Anayefunga spika na kukunja nyaya usiku wa manane hakuna amtuzaye.

Sheria nayo ilimwangalia mwenye mwajiri. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), iliyoanzishwa 1965, ilikuwa akiba ya uzeeni. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa anayepunguzwa kazi malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumikia, lakini bendi ya malipo ya usiku mmoja haina mwaka wa kuhesabiwa. Ufaransa, kinyume chake, huhesabu saa: msanii au fundi akitimiza saa 507 katika miezi 12, hulipwa fidia katika siku asizo na kazi.

Mwaka 2020 korona ilisimamisha harusi, kumbi na hoteli kwa pamoja. Serikali ilitangaza shilingi milioni 100 za Hazina ya Michezo kwa wasanii, msaada wa dharura ambao mtu hawezi kuudai tena msimu ukiharibika. Chama cha kuchangiana humfaa mmoja aliyeugua au kufiwa. Wote wakikosa kazi siku moja, hakuna wa kuchanga. Kenya inahitaji hazina ya taifa inayohesabu saa za jukwaani, na fundi mitambo awemo tangu siku ya kwanza.