Habari za Matuta ya Mawe Yalindayo Kingo za Mito

Wanachama wenye mashamba kando ya Mto Pangani, ambao wengi wetu twauita Ruvu, waijua hasara isiyoandikwa katika daftari lolote la Chama: shamba kumeguka mwaka hata mwaka, mpaka mwembe wa mwisho umeinamia maji. Kwa hiyo nimeona yafaa, katika kitabu hiki cha miaka kumi, kueleza jinsi watu walivyopambana na jambo hilo.

Wazee wetu waliuzoea mto kwa namna yao. Katika karne ya 19 wasafiri walikuta vijiji vimejengwa juu ya visiwa mtoni, Korogwe ya zamani ikiwa mojawapo, na maji ndiyo yaliyokuwa boma lao. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, lilipunguza ukali wa maji ya kutoka Kilimanjaro na Meru. Lakini Mkomazi na Luengera huingia mtoni chini ya bwawa hilo, na mvua za Oktoba 2019 zilikata barabara baina ya Korogwe na Handeni.

Penye kona ya mto, maji ya juu husukumwa upande wa nje, hushuka kwa nguvu, yakachimba ukingo kwa chini na kupeleka mchanga upande wa ndani. Aghalabu ukingo hauanguki siku ya gharika, bali maji yanapopungua: udongo umelowa, ni mzito, na maji yaliyoutegemeza yamekwenda zake.

Dawa ya mawe ni ya kale. Nchini China, yapata mwaka 256 kabla ya Kristo, Li Bing aliuongoza Mto Min kwa vikapu vya mianzi vilivyojazwa mawe. Huko Ulaya walijenga kuta fupi kutoka ukingoni kuelekea katikati ya mto, zenye kutokeza juu ya maji. Kuta hizo husukuma mkondo kweli, lakini kwenye ncha yake maji huchimba shimo, na mkondo uliofukuzwa huweza kumwangukia jirani wa ng'ambo. Tena huzuia gharika isipite upesi. Ndiyo sababu Waholanzi wamezipunguza kimo kuta zao nyingi katika Mto Waal.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wahandisi wa jeshi la Marekani walijenga katika Mississippi matuta ya mawe yaliyozama kabisa, yameinamishwa kuelekea mto utokako. Wao walitafuta njia ya meli, sisi hatuna meli. Lakini kanuni ni ile ile. Maji yapitayo juu ya tuta hulivuka kwa pembe mraba, na kwa kuwa tuta limeinamishwa hivyo, hugeuka kuelekea katikati ya mto. Karibu na ukingo mwendo hupungua na matope hutua. Sharti mzizi wa tuta ufukiwe ndani ya ukingo, ama sivyo maji hupita nyuma yake.

Nimepata kuwasuluhisha wanachama wawili wa pande mbili za mto: mmoja alirundika mawe, wa pili akapoteza migomba. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo, neno ambalo wengi wetu twalisahau. Na mwenye kutaka kujenga mtoni hana budi kwenda kwanza kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, akifuatana na jirani yake wa ng'ambo.