Mompox: Bandari Iliyohamwa na Mto

Mji wa Santa Cruz de Mompox, ulioanzishwa na Wahispania katika karne ya 16 kando ya mto Magdalena, katika nyanda za chini za eneo la Karibi nchini Kolombia, ulineemeka kwa sababu ya mahali ulipo. Sehemu kubwa ya bidhaa zilizoshushwa Cartagena, bandari kuu ya pwani, ilipandishwa bara kwa mto huo, na dhahabu ya migodini iliteremshwa kwa njia hiyohiyo. Tena, baada ya haramia Mwingereza Francis Drake kuiteka Cartagena mwaka 1586, ilidhihirika kwamba kukaa mbali na bahari nako ni kinga. Mji ulijengwa kwa kuufuata mto, na barabara yake kuu ilikuwa pia tuta la kuzuia mafuriko.

Wanahistoria wengi wamewatukuza matajiri wa mji huo, lakini wanaostahili kutajwa kwanza ni bogas, yaani mabaharia wa mtoni. Kazi hiyo walibebeshwa kwanza wenyeji wa asili, na walipokwisha kupukutika kwa shuluba na maradhi, wakaingizwa Waafrika waliotiwa utumwani, ambao vizazi vyao, vikichanganyika na wenyeji, viliirithi. Chombo chao, champán, kilikuwa kirefu, chenye kitako bapa na paa la makuti lililopindwa kama tao. Juu ya paa hilo watu walikita pondo mtoni, wakaziegemeza vifuani, kisha wakatembea kutoka omo kuelekea tezi, hatua kwa hatua, ili chombo kisonge mbele dhidi ya mkondo. Safari ya kupanda hadi Honda, ambako mizigo ilihamishiwa migongoni mwa nyumbu, iliweza kuchukua karibu miezi miwili. Fahari yote ya Mompox, pamoja na kanisa la Santa Bárbara na mnara wake wa pembe nane, ilitegemea vifua hivyo.

Tarehe 6 Agosti 1810 mji ulitangaza uhuru kamili kutoka Hispania, na mwaka 1812 Simón Bolívar alipata humo watu wapatao 400 wa kumwunga mkono vitani. Kilichouangusha hakikuwa vita. Katika karne ya 19 maji mengi ya Magdalena yalihamia tawi la Loba, na tawi la Mompox likajaa mchanga na tope, wakati uleule ambapo meli za mvuke, zinazohitaji kina kikubwa kuliko champán, zilikuwa zikienea. Biashara ikahamia mji wa Magangué.

Kwa kuwa hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, nyumba za kale zilisalia, na mwaka 1995 UNESCO iliuandikisha mji katika Urithi wa Dunia. Masonara nao hawakuacha kazi: hadi leo huvuta dhahabu au fedha iwe nyuzi nyembamba, huzisokota mbili mbili, huzibapa, kisha huzikunja ndani ya fremu ya herini au kipini na kuzilehemu, ufundi ambao haukuhitaji kina cha maji.