Pedeli za Babu

Sura ya kwanza ya tasnifu yangu inasema Mpango wa Karanga ulianza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kuunganisha Nachingwea na Mtwara nayo iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Pembeni mwa ukurasa huo msimamizi wangu aliandika swali moja: “Baada ya hapo, watu walisafirije?”

Jibu lilikuwa limeegemea ukuta wa jiko la babu, Ruangwa. Ni Phoenix nyeusi ya Kichina. Mpira wa pedeli zake umelika katikati. Ya kushoto imebaki chuma, kimeviringishiwa kipande cha tyubu.

Mimi nilikuwa nimesoma kwamba sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole, ndiyo ikae juu ya ekseli ya pedeli. Nikamwambia babu hivyo. Akacheka. “Pakia gunia la korosho, mjukuu wangu, halafu uje unifundishe.”

Nikapakia. Mlima wa kwanza tu, mashavu ya miguu yakaanza kuwaka moto. Nikasogeza mguu mbele, katikati ya unyayo ikakaa juu ya ekseli. Mashavu yakapumzika, mapaja yakabeba kazi.

Mwaka 1985 Bernard Hinault alishinda Tour de France kwa pedeli za Look, zinazoshika kiatu kisichomoke. Zinamfaa anayetafuta kasi kwenye lami. Babu alivaa katambuga, na mchanga ulipomeza gurudumu alihitaji kukanyaga chini mara moja, kabla mzigo haujamwangusha. Pedeli bapa ilimpa nafasi hiyo.

Nilipomuuliza kwa nini ya kushoto ilikwisha zaidi, alinyamaza kidogo.

“Hiyo ndiyo nilianzia kusukuma kila nilipoondoka na mzigo. Hata usiku ule nampeleka bibi yako hospitali Nachingwea. Alikaa kwenye keria juu ya kitenge. Kila nikisimama alisema, twende. Nusura mama yako azaliwe njiani.”

Bibi hayupo tena, na mama hajawahi kunisimulia habari hiyo. Katika majalada niliyosoma kuna trekta, mabehewa na ekari. Safari ya usiku ule haimo. Nimepima pedeli, nimeipiga picha, na nimeanza sura ya pili nayo. Babu ameniomba jambo moja: nisibadilishe ile tyubu.