Mzigo wa Mwenzio na Hema la Kilo Mbili

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipokea barua ya kijana mmoja wa hapa mjini. Anasema likizo hii anataka kutembea kwa miguu kutoka Mbinga hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, alale njiani, mzigo wake wote ukiwa mgongoni. Anauliza: hema jepesi kuliko yote linapatikana wapi, na kama halipatikani, lashonwaje? Mwishoni ameomba radhi kwa kumsumbua mtu wa historia kwa jambo la fundi cherehani.

Kijana wangu, hukukosea mlango. Uzito wa hema ni jambo la historia, na katika nchi hii historia hiyo imeandikwa mabegani mwa watu.

Lakini kwanza nikiri kosa langu. Miaka mingi iliyopita, kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na kabla lami haijateremka hadi Mbamba Bay, niliifanya safari hiyohiyo. Niliazima hema la turubai, lenye nguzo za chuma na gunia zima la vigingi. Sikulipima, kwa kuwa sikukusudia kulibeba. Mjini Mbinga nilimpata kijana mwenye kifua, tukapatana ujira, akajitwika.

Ilikuwa mwezi wa Aprili. Tukapita katika miteremko ya Umatengo, penye mashamba ya ngolo, yale mashimo yaliyopangwa mfano wa sega la nyuki ambayo Wamatengo huyachimba ili mvua isichukue udongo wao. Mimi nilikuwa nikisimama kila mara kusifu mandhari. Mwenzangu alikuwa akisimama kubadili bega.

Usiku mvua ikanyesha. Kama ujuavyo, turubai la pamba likiloa halivuji mpaka uliguse kwa ndani. Nililigusa. Nikalala nikidondokewa kichwani hadi alfajiri. Yule kijana alikuwa amekata matawi na nyasi kabla jua halijazama, akajijengea kibanda kilichoelekea moto, akalala mkavu. Asubuhi aliinua ule mzigo, akaushusha, akauinua tena. Akasema maneno machache tu: "Mzee, nyumba yako imekunywa maji."

Kijiji cha mbele tulikuta mizani ya kupimia kahawa. Kwa utani tukalitundika hema. Kilo 31! Nikanyamaza, maana nililikumbuka lile fungu. Hiyo ni karibu sawa na frasila mbili, na frasila mbili ndio mzigo wa mpagazi uliozoeleka katika misafara ya karne ya 19. Nilikuwa nimemgeuza kijana wa watu kuwa mpagazi wa zamani, bila kujua.

Hebu sasa turudi nyuma. Njia ya misafara kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa ilikuwa miongoni mwa njia kuu za pembe za ndovu na, kwa aibu ya wanadamu, za watumwa. Katika njia kama hizo msafara ulilala wapi? Tajiri au mzungu alilala hemani. Wapagazi walilala katika kambi zenye vibanda vya matawi na nyasi, vingine vikiwa vimeachwa na msafara uliotangulia. Hivyo watu walewale waliobeba nyumba ya mtu mmoja kutwa nzima, jioni walijijengea za kwao kwa panga na mikono. Na za kwao hazikuongeza hata ratili moja katika mzigo.

Chukua mfano wa Chuma. Huyu alikuwa mtoto wa Kiyao, aliyeachiliwa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861, kusini mwa ziwa letu hili. Mwaka 1866 alikuwa pamoja na Dk. Livingstone katika safari ya kutoka Mikindani, kupitia bonde la Ruvuma, hadi ziwani. Livingstone alipoishiwa nguvu katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, manyunyu yakinyesha, ni watu wake waliomjengea kibanda upesi ili afe pakavu. Akafa humo mwanzoni mwa Mei 1873. Kisha Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili wake, wakautia ndani ya gome la mti, wakashona juu yake kitambaa cha tanga, wakaufunga kwenye mti ili watu wawili waweze kuuchukua. Wakatembea nao zaidi ya kilometa 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Watazame mafundi hao, msikilizaji. Hawakuwa na duka wala cherehani. Walijua kujenga, kufunga, kushona na kukadiria mzigo, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiubeba. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza wakafika mazishi yamekwisha. Huko wakatengeneza mfano wa kile kibanda ili Waingereza waone. Vitabu vimeisifu sana imani yao, wala si uongo. Ufundi wao umetajwa kwa nadra.

Nako London mafundi wa mahema hawakulala. Stanley alipoanza safari yake ya mwaka 1887, mahema yake yalishonwa na Edgington wa London kwa turubai lililotumbukizwa katika mrututu. Ndiyo, mrututu uleule wanaoujua wakulima wa kahawa kwa kupulizia mibuni! Dawa hiyo huzuia ukungu usiozeshe pamba. Stanley aliyasifu mahema hayo kwamba yalivumilia miaka mitatu ya mvua na jua. Hema lilipimwa kwa kudumu kwake. Wepesi haukuwa hoja, kwani aliyelisifia siye aliyelibeba. Wahenga walikwisha kusema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Kwetu ilianza mapema: tarehe 13 Agosti 1914, hapo Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Baada ya mizinga wakafuata wapagazi. Majeshi ya pande zote yalichota vijana kwa nguvu kubeba risasi, unga na mahema ya maofisa. Upande wa Waingereza peke yao walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na lishe mbovu. Wewe unayeshuka daladala Kariakoo kila asubuhi, jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps, kilichopiga kambi mahali pale.

Je, hema lilipata lini kuwa jepesi? Wengi watajibu: ilipokuja nailoni. Ni kweli nailoni ilitangazwa nchini Marekani mwaka 1938, ikatumika kwa miavuli ya askari wa angani, na baada ya vita ikaingia katika mahema. Lakini kitambaa peke yake hakitoshi kueleza. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, mwenye umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilometa 3,000. Hakuchukua hema. Alichukua mfuko aliojishonea mwenyewe na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Bibi huyu hakungojea kiwanda. Mzigo ulikuwa wake, bega lilikuwa lake, basi akapunguza. Leo yako mahema yasiyofika kilo moja, mengine ya kitambaa kilichobuniwa kwa ajili ya matanga ya mashua za mashindano. Nayo yalitafutwa na watu waliochoka kubeba mizigo yao wenyewe.

Sasa nijibu swali. Safari yangu ya pili nilikwenda kwa fundi cherehani. Nilimpelekea nailoni nyembamba kama ya miavuli, chandarua kuukuu na kamba za katani. Tulishona paa la migongo miwili, mfano wa kitabu kilichofunuliwa na kulazwa kifudifudi, refu kunizidi kwa shibiri mbili kila upande. Nguzo ni fimbo mbili za mwanzi, moja ndiyo ninayoitembelea. Mishono tuliisugua kwa nta ya nyuki. Chandarua kikaning'inia ndani, maana mbu wa ziwani hawana masihara. Kwenye mizani ya duka lilikuwa kilo mbili na ushei.

Lina kasoro zake. Nailoni haipumui kama pamba: usiku pumzi yako hugeuka maji kwenye dari, na usipoacha nafasi ya shibiri moja chini upepo upite, utaamka umelowa bila mvua kunyesha. Upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini, elekeza mwisho mwembamba upande huo, la sivyo utalifuata hema lako majini. Nimelichukua kutoka Liuli kwenda Lituhi nikiwa peke yangu, na jioni nilikuwa na nguvu za kuzungumza na wavuvi.

Wengine mtaniuliza: je, kuajiri mchukuzi ni dhambi? La hasha. Ni kazi ya halali, na vijana wengi husomesha wadogo zao kwayo. Katika Mlima Kilimanjaro kanuni zimeweka mzigo wa mchukuzi usizidi kilo 20, na mizani iko langoni. Lakini vichochoroni kwetu, sokoni, stendi na katika vijia vya milimani, mizani hiyo haipo. Iliyopo ni dhamiri ya mwenye mzigo.

Kwa hiyo, kijana wangu, kabla hujaondoka, funga mzigo wako wote, hema likiwa limeloweshwa maji, ujitwike, uzunguke mtaa wenu mara tatu. Utakachokitua njiani, kiache nyumbani. Na ukimwajiri mwenzako Mbinga, mzigo wake uupime kwanza begani mwako wewe.

Yule kijana wangu wa Aprili sikumwongezea ujira siku ile. Nilimlipa tulichopatana, nikamshukuru, nikapanda gari. Ndilo deni ninalolikumbuka kila nikutanapo na mtu aliyejitwika cha mwenziwe.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.